Tupitishe Mgonjwa, Tuzuie Ugonjwa

Kamenge, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, ni mtaa ambao askari na polisi wa nchi hii wanaufahamu vizuri. Humo zimo hospitali mbili kubwa. Moja ni Hospitali ya Kijeshi, ambamo wengi wenu mmepata kutibiwa, au mmewapeleka wake na watoto wenu. Ya pili ni Hospitali ya Chuo Kikuu, yenye jina la Mfalme Khaled wa Saudi Arabia, ambamo vijana wetu husomea udaktari kando ya vitanda vya wagonjwa. Kila asubuhi watu hufika kwenye malango ya hospitali hizo, wengine kwa miguu, wengine kwa basi, wengine wamebebwa na jamaa zao. Yuko mwenye malaria, yuko aliyevunjika mguu, yuko mama aliyekuja kujifungua. Na miongoni mwao wamo wenye saratani, maradhi ambayo wengi mjini huyaita kansa.

Leo twapenda kuzungumza nanyi, ndugu askari na ndugu polisi, juu ya wagonjwa hao wa saratani na juu ya ugonjwa wa korona. Twajua kwamba baadhi yenu mtauliza: korona ya nini tena? Barakoa zimevuliwa, na ndoo za maji ya kunawa zimeondolewa kwenye milango mingi. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo si dharura ya dunia nzima tena. Tangazo hilo lilikuwa na msingi wake. Lakini watu wengi walilipokea kana kwamba limesema virusi vyenyewe vimetoweka, na jambo hilo halikusemwa. Siku ile ile Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alionya kwamba kwisha kwa dharura si kwisha kwa hatari.

Kwa kijana mwenye afya njema, ambaye mwili wake umekwisha kukutana na virusi hivyo au umepata chanjo, korona ya siku hizi aghalabu ni mafua, kikohozi na uchovu wa siku chache. Huumwa, akapona, akarudi kazini. Kwa mgonjwa wa saratani mambo siyo hayo. Virusi vile vile ambavyo askari amevichukua kwenye bweni la kambi na kuvidharau, vikimfikia mgonjwa aliyelala wodini, vyaweza kumkatisha matibabu yake au uhai wake. Kwa hiyo swali letu la leo si kama korona ni hatari au si hatari. Swali letu ni hatari kwa nani, na nani amwekee kinga yule asiyeweza kujikinga.

Jibu letu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo inawahusu ninyi, kwa sababu ninyi ndio walinzi wa malango. Mpakani mpo ninyi. Kwenye vizuizi vya barabarani mpo ninyi. Na kazi ya mlinzi wa lango ni mbili, wala si moja: kumzuia anayestahili kuzuiwa, na kumpitisha anayestahili kupita. Wakati wa maradhi ya kuambukiza yaweza kutokea jambo la kusikitisha: mgonjwa akazuiwa njiani kwa jina la kuuzuia ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ukapita langoni bila kuulizwa, umebebwa na mtu mwenye sare, mwenye cheo au mwenye haraka. Hapo mlinzi huwa ameigeuza kazi yake juu chini.

Ili tuelewe kwa nini mgonjwa wa saratani ana udhaifu wa namna hii, na tuufikirie mwili wa mtu kama kambi. Kambi hiyo inalindwa na chembe nyeupe za damu, na walinzi hao huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa. Saratani ni chembe za mwili wenyewe zilizoacha kufuata amri. Huzaliana bila kipimo, huvamia sehemu zilizo jirani, na mwishowe husafiri hadi viungo vya mbali. Dawa nyingi za kuitibu huua chembe zinazozaliana kwa haraka. Lakini dawa hizo hazichagui vizuri. Huua chembe za saratani, na pamoja nazo huua chembe njema ambazo nazo huzaliana upesi: za nywele, za ndani ya kinywa, na za uboho. Ndiyo sababu mgonjwa hunyonyoka nywele, hupata vidonda mdomoni, na hupungukiwa na walinzi wa damu yake. Kwa dawa nyingi, idadi ya chembe nyeupe hushuka hadi chini kabisa kati ya siku ya 7 na siku ya 14 baada ya dawa kutolewa, kisha hupanda tena. Katika siku hizo kambi iko wazi, na lindoni hakuna mtu.

Hali huwa ngumu zaidi kwa wenye saratani za damu, yaani lukemia, limfoma na mieloma. Kwao walinzi wenyewe ndio walioharibika. Idadi yao yaweza hata kuwa kubwa, lakini hawafanyi kazi ya ulinzi. Mwenye saratani ya mapafu naye ana shida yake, kwa kuwa korona hushambulia kiungo kile kile ambacho kimekwisha kudhoofika.

Haya si maneno ya kutisha watu. Yamepimwa. Mwanzoni mwa mwaka 2020 madaktari wa China walichunguza wagonjwa 1,590 wa korona, wakakuta 18 kati yao walikuwa na saratani au waliwahi kuwa nayo. Katika hao 18, watu 7 walifikia hali mbaya sana, yaani asilimia 39. Kwa wasio na saratani ilikuwa asilimia 8. Ni kweli kwamba watu 18 ni wachache mno kwa kukata shauri, na wataalamu wengine walisema hivyo wakati ule ule. Lakini uchunguzi mkubwa zaidi ulifuata. Mwezi Mei 2020 zilitolewa habari za wagonjwa 928 wa saratani waliopata korona katika Marekani, Kanada na Hispania: 121 walikufa katika muda wa siku 30, sawa na asilimia 13. Katika Uingereza wagonjwa 800 walifuatiliwa. 226 walikufa, sawa na asilimia 28. Tarakimu hizo ni za kabla ya chanjo, na leo hali ni afadhali. Hata hivyo, mpangilio wake haujabadilika: mwenye saratani, hasa ya damu, yuko mbele ya wengine katika hatari.

Nchi hizo zina hospitali zenye vifaa vingi. Je, kwetu Afrika? Kati ya Mei na Desemba 2020, hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya na Ethiopia zikiwamo, zilifuatilia watu wazima 3,140 waliougua korona vibaya na kulazwa katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Hao walikuwa wagonjwa wa kila aina, si wa saratani peke yao. Karibu nusu yao walikufa katika siku 30: asilimia 48.2. Katika mabara mengine wastani ulikuwa asilimia 31.5. Waandishi wa uchunguzi huo walitaja uchache wa vifaa kuwa miongoni mwa sababu. Kwa nchi zetu, basi, kuzuia maambukizo kuna thamani kubwa kuliko mahali pengine, maana kitanda cha mgonjwa mahututi na mtungi wa oksijeni havipatikani kila unapovihitaji.

Liko jambo jingine linalofaa kujulikana na kila mtu mwenye kazi ya usalama. Mwaka 2020, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mwanamke wa miaka 71 mwenye lukemia ya muda mrefu aliambukizwa korona. Hakuonyesha dalili zozote. Lakini madaktari walikuta kwamba kwa siku 70 tangu alipopimwa mara ya kwanza, mwili wake ulikuwa bado unatoa virusi hai vinavyoweza kumwambukiza mtu mwingine. Mwili uliokosa walinzi haukuweza kuwafukuza wavamizi. Tunataja habari hii si kwa kumlaumu mgonjwa, kwani hana kosa lolote. Twaitaja ili ijulikane kwamba kumkinga mtu dhaifu ni kuwakinga watu wote. Ugonjwa ukipata mahali pa kukaa kwa muda mrefu, hupata pia nafasi ya kujigeuza na kutoka na sura mpya.

Sasa tuangalie upande wa pili wa lango, yaani kumpitisha mgonjwa. Katika ule uchunguzi wa Uingereza palikuwa na jambo moja muhimu. Baada ya kuzingatia umri wa wagonjwa na maradhi yao mengine, madaktari hawakuona kwamba kupewa dawa za saratani katika wiki 4 kabla ya korona kulizidisha vifo kwa kiasi kikubwa. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kumwachisha kila mgonjwa matibabu kwa hofu ya korona si njia ya kumwokoa. Daktari aweza kuahirisha dozi, aweza kubadili dawa, lakini huo ni uamuzi wa daktari. Haufai kuwa uamuzi wa kizuizi cha barabarani.

Saratani haingoji amri itenguliwe. Uchunguzi uliotolewa Novemba 2020, uliokusanya habari za wagonjwa zaidi ya milioni 1, ulionyesha kwamba kila wiki 4 za kuchelewesha upasuaji wa saratani zilizochunguzwa huongeza hatari ya kufa kwa asilimia 6 hadi 8. Tiba ya mionzi nayo hutolewa kwa ratiba: kwa kawaida siku 5 za juma, kwa majuma kadhaa mfululizo. Mgonjwa akikatiza ratiba hiyo, saratani hupata nafasi ya kukua tena.

Kwetu Burundi jambo hili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi mgonjwa aliyehitaji tiba ya mionzi alilazimika kuvuka mpaka. Wako waliokwenda Kampala, katika Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967. Wako waliokwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Na Kigali, hospitali ya kijeshi ya Kanombe ilianza kutoa tiba hiyo mwaka 2019. Kisha ikaja korona. Machi 2020 Uwanja wa Ndege wa Melchior Ndadaye ulifungwa kwa abiria, nao haukufunguliwa tena hadi Novemba. Januari 2021 mipaka ya nchi kavu na ya majini ilifungwa. Hatusemi kwamba kufunga lilikuwa kosa. Serikali nyingi duniani zilifanya hivyo, na zilikuwa na sababu. Twasema kwamba kila mpaka unapofungwa, upande wa ndani hubaki mtu ambaye dawa yake iko upande wa nje.

Majirani zetu wa Uganda walilijua hilo kwa uchungu. Mwishoni mwa Machi 2020 walipiga marufuku magari ya watu binafsi, na mgonjwa aliyetaka kusafirishwa kwa gari alitakiwa kwanza kupata kibali cha mkuu wa wilaya. Mgonjwa akimbilie ofisini kabla ya kukimbilia hospitalini! Malalamiko yalikuwa mengi, hasa kwa ajili ya akina mama wajawazito, na mwezi Aprili Rais Yoweri Museveni akatangaza kwamba wajawazito waruhusiwe kwenda hospitali bila kibali. Funzo hapa ni wazi. Amri njema yenye nia njema yaweza kuua iwapo waliopewa kuitekeleza hawakuambiwa nini cha kufanya na mgonjwa.

Kwa askari jambo hili si geni. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo hufundishwa katika majeshi, yaagiza kwamba majeruhi na wagonjwa, hata wakiwa wa upande wa adui, waheshimiwe, walindwe na wapewe matibabu. Askari wetu waliotumwa Somalia kuanzia Desemba 2007 wamefanya kazi chini ya sheria hiyo. Ikiwa adui aliyeanguka vitani ana haki ya kupelekwa kwa daktari, je, mama wa Kinama mwenye karatasi ya daktari mkononi atanyimwa njia na mtoto wa nchi yake mwenyewe? Sheria ya vita ikiwa na huruma hiyo, sheria ya wakati wa amani haiwezi kuwa kali zaidi.

Turudi sasa Kamenge, kwenye lango la hospitali, tutazame jinsi ugonjwa unavyoingia. Katika hospitali zetu mgonjwa haachwi peke yake. Yuko ndugu anayekaa naye, anayempikia, anayemfulia, anayelala chini kando ya kitanda chake. Kwa Kirundi huitwa umurwaza. Huyo ni mlinzi wa kweli, na bila yeye wodi zetu zisingeweza kuendesha kazi. Tena iko desturi yetu ya kumjulia hali mgonjwa: watu wa mtaa, wa kazini na wa kanisani au msikitini huja kwa makundi. Desturi hiyo ni nzuri, nasi hatuombi ife. Lakini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haifai mgeni aje na mwenyeji afe.

Askari au polisi mwenye homa na kikohozi asiende kumtazama mwenzake aliyelazwa. Ampigie simu, ampelekee salamu, atume chakula kwa mkono wa mwingine, angoje hadi apone kabisa. Akienda akiwa mzima, avae barakoa anapoingia katika wodi ya wagonjwa wa saratani, anawe mikono kwa sabuni, asikalie kitanda, na asiwe wa 10 kuingia chumbani. Na sare isitumiwe kuvunja utaratibu. Muuguzi akisema saa za kuwaona wagonjwa zimekwisha, au wageni wawe 2 tu, maneno yake ni amri ya mahali pale. Bawabu wa hospitali hana bunduki wala cheo, lakini lango lile ni lindo lake. Askari anayejua maana ya lindo hatalidharau la mwenzake.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya mwaka 2020 tu, na akumbuke mwaka 2024. Julai mwaka huo ugonjwa wa mpox ulithibitishwa nchini, na mwezi Agosti wagonjwa wake walikuwa wakitibiwa katika kituo maalumu kilichowekwa hapo hapo Hospitali ya Chuo Kikuu, Kamenge. Hospitali iliyo mahali pa kumtibu mwenye saratani ndiyo hiyo hiyo inayopaswa kumpokea mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Hakuna nchi yenye uwezo wetu inayoweza kuwajengea kila mmoja hospitali yake. Kinachowatenganisha ni nidhamu: chumba hiki si kile, mlango huu si ule, glavu hizi hazivaliwi mara mbili, na mtu asiyehusika hapiti.

Nidhamu hiyo huanzia kambini. Bweni lenye vitanda vilivyokaribiana, jiko moja, gari moja lililojaa watu wakienda doria: hayo ni mazingira ambayo virusi vya njia ya hewa huyapenda. Askari huzoezwa kuvumilia, na uvumilivu ni sifa. Lakini kuuficha ugonjwa si uvumilivu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingine hakimwumbui yeye bali mwenzake wa kitanda cha pili, au mama yake mzee anayemtembelea siku ya mapumziko. Mkuu wa kikosi anayemcheka askari aliyeripoti homa anawafundisha wengine wote kunyamaza. Mkuu anayempa ruhusa ya kupumzika amekilinda kikosi kizima.

Liko pia suala la chanjo. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi za mwisho duniani kuanza kuchanja dhidi ya korona. Kazi hiyo ilianza Oktoba 2021, baada ya China kutoa dozi 500,000 za chanjo ya Sinopharm. Chanjo hiyo hutengenezwa kwa virusi vilivyokwisha kuuawa. Havina uwezo wa kuzaliana, na kwa sababu hiyo haviwezi kumtia mtu ugonjwa, hata kama kinga yake ni dhaifu. Tatizo la mwenye saratani si kwamba chanjo itamdhuru, bali kwamba mwili wake huenda usiipokee kwa nguvu, hasa akiwa na saratani ya damu. Ndiyo sababu, mwezi huo huo wa Oktoba 2021, washauri wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza watu wenye kinga dhaifu waongezewe dozi moja zaidi. Mwenye mgonjwa nyumbani na amwulize daktari ni lini afaa kuchanjwa, maana huenda daktari akachagua siku zinazofaa kati ya dozi moja ya dawa na nyingine. Na kwa kuwa chanjo ya mgonjwa yaweza kuwa pungufu, chanjo ya wale wanaomzunguka ni sehemu ya kinga yake. Haizuii kila maambukizo, lakini huyapunguza nguvu.

Wala tusizungumze kana kwamba saratani ni ya raia tu. Wamo kati yenu, ndugu askari na polisi, walio na uvimbe usiouma ambao hawajamwonyesha mtu, au kidonda kisichopona, au kikohozi cha miezi chenye damu. Wamo wenye wake ambao hutokwa na damu isiyo ya kawaida na huona haya kusema. Na saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanawake wa nchi yetu na wa Afrika Mashariki nzima. Anayechelewa huja hospitali akiwa amekwisha kudhoofika, na anayedhoofika ndiye ambaye korona, kifua kikuu na malaria humkuta bila silaha. Hospitali ya Kijeshi iko Kamenge, si mbali. Kwenda kupimwa si woga. Hakuna askari anayengoja adui aingie ndani ya kambi ndipo apeleleze.

Na mwenzenu aliye katika matibabu akirudi kazini, asichekwe kwa kunyonyoka nywele, wala asipewe mara moja lindo la usiku kucha wala kitanda katikati ya bweni lililojaa. Apangiwe kazi inayolingana na nguvu zake kwa kadiri daktari atakavyoelekeza. Jeshi lisilomwacha majeruhi wake uwanjani halina sababu ya kumwacha mgonjwa wake kambini.

Tarehe 30 Juni 2020, siku chache tu baada ya kushika madaraka, Rais Évariste Ndayishimiye aliitaja korona kuwa adui mkubwa wa Burundi, na mwezi wa Julai ikaanzishwa kampeni ya kuwapima na kuwaelimisha wananchi; bei ya sabuni ikapunguzwa kwa nusu ili kila mtu apate kunawa. Tangu siku zile adui huyo amebadilika sura. Hatupigi tena kwa mizinga ya tahadhari ya kila siku. Sasa hupenya kimya kimya, humwacha mwenye nguvu akapita, kisha humwangukia aliye dhaifu. Adui wa namna hiyo hashindwi kwa kelele, bali kwa ulinzi wa kila siku.

Kwa hiyo twatoa wito kwa wakuu wa majeshi na wa polisi kwa mambo matatu. La kwanza, kila amri ya kufunga njia, mpaka au mtaa, iwe kwa sababu ya maradhi au kwa sababu nyingine, iwe na sentensi inayosema wazi mgonjwa atapitaje: kwa karatasi gani, na askari amwulize nani endapo ana shaka. Askari wa cheo cha chini aliyesimama usiku kwenye kizuizi asiachiwe peke yake mzigo wa kuamua kati ya amri na uhai wa mtu. La pili, kambi na vituo vya polisi viwe na desturi ya kuripoti homa na kikohozi bila adhabu wala dhihaka. La tatu, siku ya mafundisho ya kikosi, mara kwa mara, aalikwe daktari au muuguzi kutoka hospitali zetu za Kamenge aje aeleze saratani ni nini, dalili zake ni zipi, na mgonjwa wake hukingwaje.

Hayo matatu hayahitaji fedha nyingi wala silaha mpya. Yahitaji wino wa kuandikia amri, dakika chache za mafundisho, na moyo wa kukumbuka kwamba nyuma ya lango la wodi amelala mtu ambaye walinzi wa damu yake wamepungua. Huyo hawezi kusimama lindo juma hili. Ninyi mnaweza. Msimamieni.